Siku Mafundi Walipozima Mashine

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, Fundi Shabani alinipigia simu. Shabani ni mchomeleaji wa vyuma wa Ngarenaro, siku hizi mzee mwenye wajukuu, na kwa kawaida akinipigia hutumia muda mrefu kunisalimia na kunilaumu kwamba nimewatupa. Siku hiyo hakunisalimia. Alisema, "Eli, Mama Idi ametutoka." Nikakaa kitandani. Akanieleza kwamba ameanguka alfajiri akichukua udhu, majirani wamemkimbiza hospitali, na jua halijapanda vizuri akawa amefariki. Halafu akasema lile alilonipigia hasa. Zuhura, binti yake anayekaa Njiro, alikuwa hajaambiwa. Mjomba wao alikuwa njiani kutoka Moshi. Angepitia Ngarenaro awachukue wazee, ndipo waende kwa pamoja. "Wewe nenda kakae naye. Usimwambie kitu. Kaa naye tu mpaka tufike." Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati kuna mashangazi na mawifi. Akasema, "Wewe ulikuwepo ile mara ya kwanza. Unajua inavyofanywa."

Zuhura alinifungulia geti mwenyewe, mikono ina unga. "Shikamoo dada Eli! Leo umepotea njia?" Nikaitikia marahaba, nikacheka kicheko ambacho hata mimi sikukitambua. Mumewe alikuwa safarini, mtoto wao alikuwa sebuleni akiangalia katuni, na Zuhura, namshukuru Mungu, alikuwa ameiacha simu yake chumbani inachaji. Siku hizi msiba unafika kwenye magrupu kabla mjomba hajawasha gari. Nikamwomba tukae jikoni, mbali na ile simu, nikamwambia nimemiss chapati zake. Akafurahi. Akaanza kunisimulia mambo ya mtoto, ya jirani anayejenga ukuta hadi kwenye njia ya watu, ya kazini kwake. Mimi namwitikia, huku akili imesharudi Ngarenaro, mwaka nilipokuwa na miaka ishirini na tatu nikijenga studio ya video ndani ya stoo ya majiko ya mama yake.

Kabla ya hapo nilikuwa napiga picha za pasipoti katika duka moja mjini. Mama Idi alikuja siku moja kupiga picha ya kitambulisho cha maonyesho ya biashara. Alizikataa picha tatu mfululizo. Bosi wangu alishaanza kununa, nikamwambia mama asogee karibu na mlango, avute mtandio nyuma kidogo, asiangalie kamera, aniangalie mimi. Alipoiona ile ya nne alisema, "Sasa huyu ndiye mimi. Wale wengine walikuwa wadaiwa wangu." Wiki hiyohiyo akarudi kunichukua, kama mtu anayerudi kuchukua mwamvuli alioacha. Alimwambia bosi wangu, mbele yangu, kwamba binti huyu anajua kutazama watu na hapa anatazama pasipoti tu. Nikaondoka naye na mkoba wangu mmoja.

Alikuwa anauza majiko ya mkaa, yale ya bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, yanayokula mkaa kidogo. Yalitengenezwa papo hapo uani, na shida yake haikuwa majiko bali watu kutoamini. Mteja akielezwa kwamba jiko hilo litaivisha maharage kwa mkaa wa kopo moja, anacheka na kwenda zake. Mama Idi akapata wazo. Mabasi ya kwenda mikoani yalikuwa na televisheni, abiria wanaonyeshwa filamu njia nzima wapende wasipende. Kwa nini wasionyeshwe na yeye, akipika? Makondakta walikubali kuicheza CD yake kabla ya filamu. Basi akamwita mpiga video wa harusi. Yule kijana akampiga picha siku moja, akakaa nayo wiki nzima, akaleta kazi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu. Jiko lilikuwa linazunguka ndani ya kopa jekundu. Maua ya waridi yalikuwa yanadondoka juu ya sufuria. Mwishoni uso wa Mama Idi ulichomoza katikati ya ua, taarabu inapigwa. Mama aliangalia mpaka mwisho, mikono kifuani. Halafu akatuuliza, "Hapa nauza jiko au naolewa?" Ndipo aliposema hatamwita tena mtu wa nje. Tutakuwa na studio yetu wenyewe, humuhumu ndani, ya uwezo wetu.

Chumba tulichopewa kilikuwa stoo nyuma ya duka, giza tupu, kinanuka mkaa na panya. Tulikipiga deki siku mbili. Bati la juu lilikuwa linapiga kelele jua likiwaka na kelele zaidi mvua ikinyesha, kwa hiyo tulitandika magunia chini yake na kuyafunga kwa waya. Kuta tulizipigilia trei za mayai, tulizochukua kwa mama mmoja mfuga kuku wa Sokon One, na kwa mwezi mzima kila aliyeingia humo alitoka na unyoya kichwani. Kamera ilikuwa ndogo ya mkononi, ya mtumba, inatumia kanda. Mguu wake wa kusimamia aliutengeneza Shabani kwa mabomba ya maji, mzito kiasi kwamba tulipouweka mahali hatukuusogeza tena. Tulikuwa tunasogeza jiko. Taa zilikuwa zile za mafundi ujenzi, kali mno, tukazitundikia shuka jeupe mbele ili mwanga upoe. Maiki niliifunga kwenye fimbo ya ufagio. Ukuta wa nyuma Mama aliuchagulia rangi ya bluu, akaupaka mwenyewe, na siku ya majaribio akaja amevaa gauni la bluu ileile. Kwenye skrini ikaonekana mikono miwili na kichwa vinakatakata vitunguu hewani. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine. Tulikuwa tumeziba kila tundu ili kelele zisiingie, tukasahau kwamba tunawasha jiko la mkaa ndani. Siku ya kwanza ya kurekodi maharage nilianza kuona kamera mbili. Mama alikuwa anaongea maneno yanayovutika. Shabani ndiye aliyetutoa, akatukalisha uani na kutumwagia maji, akatutukana vizuri sana. "Mnauza jiko mnataka kufa nalo!" Siku ya pili akaja na nyundo akatoboa ukuta sehemu mbili, dirisha huku na dirisha kule. Hewa ikaingia, na mtaa mzima ukaingia nayo: mashine ya kusagia vyuma ya Shabani, nyundo za mafundi wa bati, redio, bodaboda, watu wanaogombana. Hapakuwa na trei ya mayai ambayo ingeweza kuzuia hayo. Ikabidi tuombe. Mama alizunguka karakana zote za njia ile akiwa na bakuli la vitumbua, akarudi na makubaliano. Tukiwa tayari kurekodi, mimi natundika kanga nyekundu kwenye msumari wa dirishani. Wakiiona, wanazima. Nikiitoa, wanawasha. Walikuwa wanazima kwa shingo upande, wanalalamika kwa sauti kubwa kuliko mashine zenyewe, na kila baada ya muda kidogo Shabani anapiga kelele, "Mama Idi, maharage hayo hayaivi tu?" Kanda zetu nyingi za mwanzo zina sauti hiyo.

Kila kilichopikwa mbele ya kamera kililiwa, kwa hiyo mwaka ule nilinenepa. Mafundi nao walikuja, maana hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya ukimya wao. Tulikaa kwenye ngazi za duka na kwenye majiko yaliyogeuzwa, wali ukipita mkono hadi mkono. Siku moja niliwapikia loshoro, mahindi kwenye maziwa ya mgando, chakula cha kwetu mlimani. Shabani, mtu wa Kondoa, alikitazama muda mrefu, akauliza, "Dada, hiki ni chakula au ni adhabu?" Mama Idi akamwambia anyamaze, akala sahani mbili kwa heshima yangu, na jioni nikamsikia anamuuliza jirani kama ana dawa ya tumbo. Alikuwa mama wa namna hiyo. Mimi nilikuwa Mlutheri wa Meru ndani ya nyumba ya Waislamu, na sikumbuki siku niliyojihisi mgeni, isipokuwa hiyo siku moja ambayo naikaribia.

Watu walidhani anajenga studio kwa ajili ya majiko. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka Idi alipokuja. Idi ndiye mwanawe wa kwanza, aliyempa mama jina ambalo mtaa mzima ulimwita. Alikuwa Mererani, mwanaapolo, mmoja wa vijana wanaoshuka kwenye mashimo kutafuta tanzanite, na alikuwa amekaa huko muda mrefu kiasi kwamba Zuhura, aliyekuwa shule ya bweni, alikuwa anamkumbuka kwa picha kuliko kwa sura. Alifika Sikukuu ya Idi, amekonda, macho mekundu kwa vumbi, mikono imechanika. Mama hakusema lolote kuhusu mikono. Alimpeleka moja kwa moja stoo. "Mama, hii noma!" Idi alisema, akiwa amesimama katikati anazunguka. Akaanza kushikashika. Akashusha taa moja, akaipandisha nyingine, akaweka sinia nyuma ya jiko ili mwanga ugonge mvuke. Ghafla mvuke ukaonekana, mweupe, unapanda. Mimi niliyejiona fundi nilikuwa nimehangaika na mvuke ule wiki mbili. Nikachukia kidogo, halafu nikafurahi.

Alikaa siku chache tu. Tulirekodi naye kutwa nzima. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwambia mtu asimame pale mwanga unapomkuta, siyo pale anapopenda. Alikuwa na tabia ya kuliita jina langu lote, Elinami, wakati mtaa mzima ulikuwa umelikata. Sisemi nilimpenda. Nasema nilikuwa natafuta sababu za kuchelewa kunyanyuka kwenye sinia, na Mama aliliona hilo, na hakulikataza wala kulitania, yeye aliyekuwa anatania kila kitu.

Usiku wa mwisho kabla hajarudi Mererani nilikuwa nakunja nyaya stoo, wao wako uani, na lile tundu la Shabani likaniletea maneno yao yote. Mama alikuwa anasema, "Sikuiti uje kuuza majiko. Nakuita uje ushike kamera." Idi akacheka. Mama akaendelea, "Kwani huko chini kuna nini ambacho hapa hakipo?" Idi akasema, "Kuna jiwe, mama." Nikasikia Mama anasema taratibu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi sitaki jiwe, Idi. Kila mtu akigonga mlango huu usiku, mimi natangulia kukuzika." Halafu Idi, "Basi mama. Maliza chumba hiki. Kikikamilika, kikianza kuleta wateja, narudi. Wallahi narudi." Nilibaki na waya mkononi. Tangu usiku huo nilijua tunachojenga. Kila msumari uliopigiliwa ulikuwa wa kumtoa mtu shimoni.

Tulifanya kazi miezi iliyofuata kama tuliochanganyikiwa. Mama aliacha kulala mchana. Nilijifunza kukata na kuunga picha kwenye kompyuta ya mkopo, mbovu, inayozima kila ikiona umeme unatetemeka. CD ya kwanza ilipoanza kuchezwa kwenye mabasi, ya maharage, wakaanza kuja watu wa Singida, wa Babati, wanauliza, "Yule mama wa kwenye basi yuko wapi?" Mama aliwashika mikono kama ndugu. Alinituma nimpigie Idi kwa simu ya duka nimwambie mwenyewe, maana mimi si mtu wa kutia chumvi. Nikamwambia: wateja wanakuja, chumba kimekamilika, pazia limetundikwa, kilichobaki ni mtu wa kamera. Akauliza, "Kweli, Elinami?" Nikasema kweli. Akasema anamalizia zamu na wenzake, asiwaache njiani, na Ijumaa atasali Ngarenaro. Mama alipika chai siku hiyo akaigawa mtaa mzima bila kusema sababu, na hakuna aliyeuliza kwa sababu kila mtu aliijua.

Jumatano ya wiki hiyo tulipanga kurekodi pilau. Ilikuwa ndiyo video kubwa, ya mabasi yote, na Mama alitaka iwe imekwisha kabla Idi hajafika ili asikute kiporo. Nikaweka taa, nikafungua kamera, nikachukua kanga nyekundu kwenda kuitundika. Kabla sijafika dirishani, mashine ya Shabani ikazima. Nyundo za bati zikafuata, moja, nyingine, zikaisha. Redio ya kinyozi ikakatwa katikati ya wimbo. Nikasimama na kanga yangu mkononi. Sijawahi, kabla wala baada, kusikia Ngarenaro imenyamaza vile saa za asubuhi. Nilisikia kuku wa mtaa wa pili. Mama akainua macho kutoka kwenye vitunguu, akatabasamu. "Leo Mungu katupa ukimya wa bure. Washa, mwanangu, kabla hajaghairi." Nikawasha.

Chumvi ilikuwa imesahaulika dukani. Nilitoka kuifuata, na huko nje nikawaona mafundi wamesimama. Hawakuwa wamekaa wala kuegemea, wamesimama tu, mikono chini, na pikipiki moja yenye vumbi jekundu ilikuwa imeegeshwa mbele ya karakana ya Shabani. Kijana nisiyemjua alikuwa amekaa kwenye tairi, amefunika uso. Nikauliza, "Vipi leo, umeme umekatika?" Shabani akanitazama, akatazama chini. "Umekatika," akasema. Nikarudi ndani na chumvi yangu. Taa zetu zilikuwa zinawaka, tena kwa waya uliotoka nguzo moja na wao, na sikujiuliza kitu.

Mama Idi hajawahi kupika vile mbele ya kamera. Kwa kawaida alikuwa anakakamaa kidogo, anaongea kama mgeni rasmi. Siku hiyo aliongea na abiria kama wamekaa uani kwake. Aliwaambia mwanamume akinuna, usimuulize kanunia nini, angalia kwanza kama mkaa umeisha. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi anayoitaka, akawaita waje wanuse. Sinia la Idi lilikuwa nyuma ya jiko, na mvuke ukapanda mweupe juu ya uso wa Mama. Alirekodi yote kwa mkupuo mmoja. Mwishoni alifunika sufuria, akafuta mikono, akasema jambo ambalo hatukulipanga. "Na kuanzia wiki ijayo," alisema, "mtakuwa mnanitazama kwa macho ya mwanangu, maana yeye ndiye atakayeshika kamera. Kwa hiyo nitakuwa mzuri zaidi." Akacheka, kichwa nyuma, meno yote nje, kicheko cha mwanamke ambaye hana deni na dunia. Nikaiacha kamera iendelee kurekodi kwa sababu sikutaka kukikata.

Mlangoni walikuwa wamesimama Shabani, mwenyekiti wa mtaa na Mzee Hamisi wa msikitini, kofia zao vizuri kichwani. Mama akawaona. "Jamani, harufu imewafikisha? Karibuni, karibuni, mmekuja wakati wenyewe." Akawatandikia mkeka, akawanawisha mikono, akapakua sinia. Huwezi kumpa mama habari ya namna ile amesimama, na huwezi kuketi kwenye mkeka wa mtu ukakataa chakula chake. Kwa hiyo walikula. Mzee Hamisi alitia tonge mdomoni, akatafuna, akatafuna, na lile tonge halikushuka. Machozi yakaanza kumtiririka kwenye ndevu huku bado anatafuna. Mama alikuwa anaongeza nyama upande wake. Mkono wake ukasimama hewani na kijiko. Hakumuuliza mzee. Alinigeukia mimi, akaniuliza, "Eli, leo ni Ijumaa?" Nikasema, "Hapana, mama, ni Jumatano." Akasema, "Basi bado hajachelewa." Ndipo Mzee Hamisi alipomeza, akasema, "Mama Idi, sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu."

Shimo lilikuwa limeporomoka alfajiri. Kijana wa pikipiki alitumwa kuleta habari, na kwa kuwa hakuijua nyumba, aliuliza kwenye karakana ya kwanza aliyoiona. Nililipata lililobaki kidogokidogo kwenye msiba, nikiosha vyombo na wanawake na kusikiliza. Baadhi walitaka aambiwe palepale. Fundi mmoja wa bati alisema, "Mama wa watu anacheka humo ndani, mnamwachaje?" Shabani akamjibu, "Ndiyo maana namwacha." Wakazima kila kitu, kwa sababu mtu hasagi chuma kwenye mtaa wenye msiba, wakatuma mtu kuwafuata wazee, wakasimama wakimsikiliza anavyopika.

Nilimchukia Shabani kwa ajili ya hilo. Nilimchukia kwa moyo wote, jinsi mtu wa miaka ishirini na tatu anavyojua kuchukia. Niliona wamemgeuza mwanamke kuwa kichekesho, mtaa mzima unajua, yeye peke yake anatania kuhusu mkaa na kumtangaza maiti kwamba atashika kamera. Na ule "umekatika" alioniambia ulinichoma zaidi, kwa sababu na mimi nilistahili kujua, na kwa sababu kwenye msiba ule mimi sikuwa mtu wa kupewa pole. Nilipita mbele ya karakana yake wiki kadhaa bila kumsalimia. Naye hakujitetea.

Baada ya arobaini Mama alikuja stoo. Hakuwa ameingia humo tangu siku ile. Sufuria nilikuwa nimeiosha mimi, taa nimezifunika. Alikuwa amepungua, gauni linamning'inia. Akakaa kwenye kigoda chake cha kupikia, akasema, "Niwekee ile ya pilau." Nikamwambia mama, si lazima. Akasema, "Sijakuuliza." Nikaiweka. Aliitazama yote, mikono kifuani, kama alivyoitazama ile ya waridi. Kilipofika kile kicheko akasema nisimamishe. Uso wake ukabaki kwenye skrini, mdomo wazi. "Hapo Idi alikuwa ameshakufa?" Nikasema, "Alikuwa ameshakufa, mama." "Na wao huko nje walikuwa wanajua?" "Walikuwa wanajua." Nikaona nafasi yangu, nikamwaga yote. Nikamwambia walivyosimama, walivyosikiliza, nilivyodanganywa kuhusu umeme. Nikamwambia ningekuwa mimi ningeingia mbio kumwambia.

Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Eli, ule mzigo ulikuwa wangu. Uliletwa kwa jina langu. Wale wanaume walinipokelea, wakasimama nao juani, ili mimi nimalize kupika. Unajua una uzito gani? Mimi nimeubeba siku hizi arobaini, najua." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Yule pale ana mtoto. Wamempa mtoto kwa asubuhi nzima zaidi ya muda ambao wewe ungempa." Nikalia. Yeye hakulia. Aliniagiza nikate ile sentensi ya mwanawe kushika kamera, ili abiria wasije wakauliza, na kicheko nikiache. Halafu akatoka kwenda kwenye karakana, na nilimsikia kupitia tundu anawaambia, "Jamani, mbona siku hizi mnasaga chuma kwa kunong'ona? Washeni mashine zenu. Mkizima mimi naogopa." Hatukutundika tena ile kanga. Video zote alizofanya baada ya hapo, na zilikuwa nyingi, zina kelele za Ngarenaro nyuma yake. Mimi niliondoka mwaka ulipoisha, nikafungua studio yangu, na wateja wangu wanalipia ukimya. Lakini jiko halijawahi kuonekana zuri vile tena kwenye kamera yangu.

Haya yote yalikuwa yananipita kichwani Njiro, jikoni kwa Zuhura, naye anageuza chapati. Huko chumbani simu ililia. Akataka kwenda, nikamwambia chapati itaungua. Ikalia tena. Ikalia tena. "Watanitafuta tu," akasema. Nikaelewa kwa nini Mzee Hamisi hakuweza kumeza. Miaka yote nilikuwa nadhani ukimya ule ulikuwa wa kungoja. Sikujua kwamba ni kazi.

"Dada Eli, hujanisikiliza," Zuhura alisema. "Nilikuwa nakwambia, jana usiku mama kanipigia. Basi kanisimulia kituko cha mteja mmoja, nilicheka mpaka mtoto kaamka!" Akaweka kijiko chini ili aigize vizuri, mkono kiunoni, sauti ya mama yake, ileile. Nje nikasikia gari linasimama, milango inafungwa, moja, mbili, tatu, na geti likagongwa kwa upole. Zuhura akageuka. "Nani tena jamani asubuhi hii?"

Nikamshika mkono wenye unga.

"Watangoja, mdogo wangu," nikamwambia. "Nimalizie kwanza. Mama akasemaje?"